CHEO HAKIBEBI KUNDI

*Hotuba ya ofisi ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wanaoongoza wenzao*
*Dindira, Korogwe*

Ndugu wanachama,

Hii ni hotuba iliyosomwa kwenye kikao chetu cha tawi. Wengine mlikuwa msibani, wengine mlikuwa shambani, ndiyo maana tunaituma hapa nzima. Ni ndefu. Isome kwa vituo, na umsomee jirani asiye na simu. Tunaomba usikate kipande ukakituma peke yake, maana kipande kikitembea peke yake huzaa maneno mengine.

———



Kwa kawaida tukikutana hapa tunazungumza ada, kadi na wanachama wapya. Leo tumeomba nafasi tuzungumze jambo la nyumbani zaidi, nalo ni namna tunavyoongoza watu. Hatuzungumzii uongozi wa Dodoma. Tunazungumzia uongozi wa watu kumi, kumi na tano, ishirini.

Tukitazama waliokaa humu ndani, karibu kila mmoja ana kundi lake. Balozi ana nyumba zake. Mama huyu ni mwenyekiti wa kikundi cha mkopo. Kijana yule anaongoza wenzake wa bodaboda kijiweni. Kuna msimamizi wa wachumaji wa chai, kuna mjumbe wa kamati ya maji, kuna mwalimu mkuu msaidizi, kuna kiongozi wa kwaya na mweka hazina wa msikiti. Wengi wetu hatukupelekwa chuo kufundishwa kuongoza. Tulichaguliwa jioni, asubuhi tukaanza kazi.

*KWA NINI TUNALISEMA LEO*

Ofisi ya tawi inapokea malalamiko, na kila linalofika linaandikwa kwenye daftari. Tulipoyapanga kwa aina zake, kama tunavyopanga stakabadhi mwisho wa mwezi, kitu kimoja kilionekana wazi. Malalamiko mengi yanaishia kwenye fedha, lakini hayaanzi na fedha. Yanaanza na neno. Mtu ameitwa mvivu mbele ya wenzake. Mtu ametolewa kwenye kundi la simu bila kuulizwa. Mtu amekatwa kilo kwenye mzani na hakuambiwa sababu. Mtu ameuliza salio la kikundi akajibiwa, "Kwani wewe ni nani?"

Hasara yake tunaiona. Siku ya msaragambo wa kuzibua mitaro, wanakuja wale wale wachache, na mvua ikinyesha barabara inakatika kwa wote, waliokuja na wasiokuja. Barabara ikikatika, gari la majani ya chai halipandi, na jani lililochumwa halina subira: likikaa muda mrefu bila kufika kiwandani linaharibika.

Tena kuna kikundi kimoja cha akina mama, hatutakitaja, ambacho kiko hatarini kuvunjika huku marejesho ya mkopo wa halmashauri hayajaisha. Mnaujua mfuko huu. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hii ilisitishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, na moja ya sababu ilikuwa fedha ambazo hazikurejeshwa. Imerudi, lakini jicho limekuwa kali. Mkopo huu hauna riba, ila hauna msamaha wa ugomvi. Kikundi kikigawanyika pande mbili, deni linabaki la wote, na vikundi vingine vya hapa kwetu vitakavyoomba kesho vitaulizwa habari ya hiki.

Kwa hiyo hatukuja kufundishana adabu. Tunazungumzia barabara, jani la chai na deni.

*TUMETOKA WAPI*

Jambo hili si geni katika wilaya yetu wala katika nchi yetu.

Mazinde ni hapo chini, ukishuka mlima na kupita Mombo. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la mkonge la Mazinde waligoma, na mgomo wao ulikuwa mrefu. Wakati ule Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge, na mkoa huu wa Tanga ndio uliokuwa kitovu chake. Kulikuwa na mabwana shamba, manyapara na makarani wa kutosha, kwa hiyo amri haikukosekana. Ambacho wafanyakazi wa mkonge walikuwa wanakitafuta miaka ile, pamoja na ujira, ni kusikilizwa kupitia chama chao wenyewe. Wazee wa ukanda huu waliozaliwa mapema wanazo habari hizo.

Nchi ikapata uhuru. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ikaanzisha mashina ya nyumba kumi kumi, ili kila nyumba iwe na kiongozi anayeijua kwa jina na ambaye yenyewe inamjua. Balozi, kazi yako ilizaliwa hapo. Uliwekwa karibu na watu ili usikie jambo likiwa bado dogo.

Halafu Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo. Siku chache kabla, tarehe 25 Januari, Idi Amin alikuwa amempindua Milton Obote kule Uganda, kwa hiyo sehemu kubwa ya Mwongozo inazungumzia ulinzi na ukombozi. Lakini kifungu cha 15 kiligeukia tabia ya kiongozi kwa watu anaowaongoza. Kwa maneno yetu wenyewe, kilimkataza kiongozi kujikweza, kufuja mali, kudharau watu na kuwaonea.

Wafanyakazi viwandani walikishika kifungu hicho, wengine wakakijua kwa namba yake. Kati ya 1971 na 1973 kazi zilisimama mara nyingi, hasa Dar es Salaam. Waliochunguza migomo ile waliona kwamba mara nyingi chanzo hakikuwa mshahara. Kilikuwa lugha chafu ya meneja, kudhalilishwa, na kufukuzwa bila maelezo. Mwaka 1973, kwenye kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wafanyakazi walifika hatua ya kumfungia nje mwenye kiwanda na kuendesha uzalishaji wenyewe. Baadaye, wafanyakazi wa sehemu nyingine walipotaka kufanya hivyo hivyo walijikuta matatani.

Tunapata mafunzo mawili hapo. La kwanza, mtu anaweza kuvumilia ujira mdogo kwa muda mrefu kuliko anavyovumilia dharau. La pili, jambo likiachwa mpaka watu wafunge mlango, hakuna anayetoka salama, si kiongozi wala waliomfungia. Wakati wa kulishughulikia ulikuwa mapema, lilipokuwa bado neno moja.

Tuseme na upande wa pili, maana tunawajua baadhi yetu. Mwongozo haukusema kazi isifanywe. Anayechelewa kila siku halafu akakumbushwa, asikimbilie kusema ameonewa. Kuheshimiwa ni haki ya kila mmoja, na kufika kwa wakati ni wajibu wa kila mmoja.

*MAMBO YA KILA SIKU*

Sasa tushuke kwenye yale yanayowapata viongozi wetu kila wiki.

*1. Mwite pembeni*

Mtu akikosea, mwite pembeni. Sema ulichokiona, usiseme alivyo. "Wewe mvivu" ni tusi, na hakuna anayeweza kulijibu isipokuwa kwa tusi. "Mama, Jumatatu na Alhamisi ulifika saa tatu, wenzako walianza saa moja, kuna nini?" hilo ni swali, na lina jibu. Huenda ana mgonjwa hospitali ya Magunga na analala huko. Huenda hana sababu. Vyovyote iwavyo umejua, na mnaweza kukubaliana: wiki hii utafanya hivi, wiki ijayo tutatazama. Kisha kweli mtazame. Makubaliano yasiyofuatiliwa yanawafundisha watu kwamba maneno ya kiongozi ni upepo.

Hili linahusu zaidi makundi ya simu. Kundi la simu ni la kutoa taarifa. Halifai kumhukumia mtu. Ukimwandika mtu saa nne usiku mbele ya watu themanini, hata kama una haki, umempa sababu ya kutokurudi. Na picha ya maneno yako itatunzwa.

Kusifia ndiko kufanyike hadharani. Aliyefanya vizuri atajwe kwa jina.

*2. Ukali na ubabe ni vitu viwili*

Wengine wanasema bila ukali watu hawaendi. Tunakubali kwamba kiongozi awe na msimamo. Ukali wa haki unajulikana: sheria ilitangazwa kabla, inawahusu wote, na kiongozi mwenyewe anaanza kuifuata. Faini ya kuchelewa ikiwa elfu moja, mwenyekiti akichelewa analipa elfu moja, tena analipa wa kwanza. Ubabe nao unajulikana: sheria inazaliwa siku mtu fulani anapokosea.

Na yuko kiongozi wa namna nyingine, mpole kupita kiasi. Anaona mambo yanaharibika, anaogopa kuchukiwa, ananyamaza. Wanaojituma wanachoka kubeba wasiojituma, mwisho wanaondoka wale wazuri. Kunyamaza kwa namna hiyo kunavunja kundi kama matusi yanavyolivunja, ila kunachukua muda zaidi.

*3. Kumwongoza aliyekuzidi umri*

Hili linawasumbua sana vijana wetu. Kijana wa miaka 26 ni katibu wa kikundi, na ndani yake yumo rafiki wa baba yake. Mzee hajalipa hisa mara tatu. Kijana akinyamaza, wenzake wanasema anaogopa. Akisema vibaya, kijiji kizima kinasema hana malezi.

Ushauri wetu ni huu. Heshima itangulie na wajibu ufuate, na vyote viwili viwe kamili. Nenda nyumbani kwake, usimwite. Shikamoo yako iwe shikamoo ya kweli. Kisha sema: "Mzee, nimekuja kwa ajili ya kikundi. Daftari linaonyesha wiki tatu. Wenzangu wakiniuliza nitakosa la kusema. Naomba unisaidie, tupange namna gani?" Hapo hujamshusha, na daftari umelitaja. Akikataa, usibishane naye. Mtafute mzee mwenzake anayeheshimiwa, mwende pamoja.

Na wazee wetu, tunawaomba kwa heshima zote: mkimchagua kijana, mwacheni afanye kazi mliyompa. Shikamoo haifuti deni. Mzee anayelipa kwa wakati anamjenga kijana yule kuliko semina yoyote.

*4. Ndugu, shemeji na rafiki*

Dindira ni ndogo. Ukitafuta kundi lisilo na ndugu yako hulipati. Kwa hiyo hatusemi usiongoze ndugu. Tunasema jambo la ndugu yako likija mezani, wewe ondoka mezani. Sema mbele ya wote, "Huyu ni shemeji yangu, jambo hili liamuliwe na kamati, mimi nitatoka nje." Na liandikwe kwenye muhtasari kwamba ulitoka. Ukiamua kwa haki ukiwa ndani, hakuna atakayeamini. Ukitoka, hata uamuzi ukimpendelea, jina lako liko salama.

*5. Wawili wakigombana*

Msikilize kila mmoja peke yake kwanza, halafu wakutanishe. Usibebe maneno ya huyu kumpelekea yule. Tafuta kinachogombewa hasa: mara nyingi wanagombania zamu, jembe lililoazimwa au nani alitajwa kwanza, lakini wanazungumza mambo ya mwaka juzi. Mkipatana, andikeni mistari mitatu, wote wasaini au waweke dole gumba. Msipopatana, ijulikane ni siku gani mtakutana tena na nani ataongezwa. Ugomvi usio na tarehe hauishi.

*6. Hesabu zisomwe*

Hapa mtuvumilie, maana ndiyo fani ya ofisi hii. Kiongozi mwaminifu asiyesoma hesabu anafanana na mwizi. Mbele ya watu wote hawana namna ya kuwatofautisha.

Mambo ni machache na hayahitaji kompyuta. Anayepokea fedha asiwe yeye yeye anayeandika daftari. Kila shilingi inayoingia iwe na stakabadhi, na kila inayotoka iwe na sahihi za watu wawili. Vikoba vyetu vinajua sanduku la funguo tatu kwa watu watatu. Mtindo huo ni mzuri, usiachwe kwa sababu mmoja amesafiri. Kila mkutano uanze kwa kusoma mambo manne: tulikuwa na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini. Kisha fedha ihesabiwe mbele ya wote. Haichukui dakika kumi. Na anayeuliza salio asijibiwe "wewe ni nani". Ajibiwe kwa kufunguliwa daftari.

Kwa wasimamizi wa chai ni hivyo hivyo kwenye mzani. Mchumaji aione sindano ya mzani kwa macho yake. Kama kuna kilo za kukatwa kwa sababu jani limelowa, kiwango kitajwe asubuhi kabla ya kuanza kuchuma, kisije kikatokea jioni. Kadi yake iandikwe akiwa amesimama pale. Kilo mbili zilizoelezwa haziwezi kuvunja kundi. Nusu kilo isiyoelezwa inaweza.

*7. Gawa kazi kamili*

Ukimpa mtu kazi, mpe na nafasi ya kuiamua. Mwambie kinatakiwa nini, lini, na kwa fedha kiasi gani, kisha mwache. Kiongozi anayeshika daftari, funguo, simu na kipaza sauti peke yake, siku akiugua kundi linaugua naye.

*KWA WALIO KWENYE AJIRA*

Ndugu zetu mnaosimamia watu walioajiriwa, mashambani, madukani au mashuleni, mnafungwa pia na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mkumbuke machache. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28. Kumwachisha mtu kazi kunahitaji vitu viwili pamoja: sababu halali na utaratibu wa haki, maana yake aelezwe kosa lake na apewe nafasi ya kujieleza. Kumfukuza mtu kwa hasira mbele ya geti hakukidhi hata kimoja. Na aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Siku hizo ni chache, kwa hiyo mwenye jambo asikae nyumbani akingoja huruma.

*TUNACHOOMBA KIFANYIKE*

Tusitoke hapa na maneno matupu. Ofisi ya tawi inaomba haya:

▪️ Kila mwanachama anayeongoza kikundi chenye fedha asome hesabu zake mbele ya kikundi kabla ya mwisho wa mwezi huu. Anayehitaji msaada wa kupanga daftari aje ofisini, tutakaa naye bila malipo.

▪️ Kila balozi apite kwenye nyumba zake na kuuliza swali moja tu: kuna jambo gani dogo linalokuuma? Aliandike, na lile analoweza kulimaliza alimalize huko huko.

▪️ Msaragambo wa mitaro utangazwe kwa ratiba ya mwezi mzima, zamu zikiwa zimeandikwa, na viongozi wote wa tawi wawe kwenye zamu kama wengine.

▪️ Akina mama wa kikundi tulichokigusia, pande zote mbili, tunawaomba mje tukae pamoja. Rejesho linalofuata lilipwe kwanza, mengine tuyazungumze deni likiwa linatembea.

▪️ Hatutamkinga kiongozi yeyote anayetukana watu au kuficha hesabu kwa sababu tu ana kadi ya Chama. Kadi hiyo inamtaka awe na uvumilivu zaidi, haimpi ruhusa zaidi. Na hesabu za tawi lenyewe zitasomwa kila kikao. Tunawapa haki ya kutudai.

Ndugu wanachama, mtu akitoka kundini haagi kwa hotuba. Anaanza kuchelewa, halafu anatuma udhuru, halafu simu haipokelewi. Sisi tunaoongoza tunapenda kusema watu wa siku hizi hawana moyo. Lakini watu hao hao wanajaza msiba, wanachangia harusi, wanapanda mlima na tofali kichwani kujenga nyumba ya ibada. Moyo wanao. Wanaupeleka mahali wanapoheshimiwa na wanapoona fedha yao imekwenda wapi.

Kila mmoja na atazame kundi lake, amtafute aliyeacha kuja, amfuate nyumbani wiki hii. Asianze kwa kumlaumu. Aanze kwa kumjulia hali.



_Imetolewa na:_
*Katibu wa Tawi*
Dindira, Korogwe

_Mwenye swali aje ofisini au amtumie katibu ujumbe wa faragha. Tafadhali tusijibizane humu._